Chanjo ya maziwa: kabla hujatia saini kwenye utafiti

Kila mwezi napokea sauti ile ile kwenye WhatsApp. Mara ni mtu wa Micheweni, mara wa Fuoni, mara kijana aliyeko Muscat anamuulizia mama yake: "Bi mkubwa, ile chanjo ya maziwa ishafika Mnazi Mmoja? Watu wanajiandikisha wapi?" Wanakusudia chanjo ya kansa ya matiti. Juzi alikuwa dada mmoja wa Wete, begi ameshafunga, anauliza boti ya saa ngapi. Nimejibu mmoja mmoja mpaka sauti imekauka. Nayaandika mara moja, anayekuja nimtumie.

Mie si daktari. Miaka kadhaa nimefanya kazi kwenye tafiti za dawa za minyoo hapa Pemba, kazi yangu kukaa barazani kwa watu na kuwasomea fomu ya ridhaa. Kwa hiyo habari za kansa yenyewe muulize daktari wako. Habari za ile karatasi, na wale wanaoileta, hizo nazijua.

Jibu la swali la kwanza: haijafika. Mpaka naandika haya hakuna chanjo ya saratani ya matiti iliyoidhinishwa mtu akaenda kuchanjwa kama anavyopeleka mtoto kuchanjwa surua. Zilizopo zimo majaribioni, nyingi Marekani na nyengine Ulaya. Na tafadhali msiichanganye na ile wanayochanjwa wasichana skuli. Ile ni ya kirusi kiitwacho HPV, inakinga saratani ya shingo ya kizazi, Tanzania ilianza kuitoa nchi nzima 2018. Kwenye ziwa haina kazi.

Basi mwongozo wa nini? Wa watu wa aina tatu. Yupo anayetibiwa nje au mwenye jamaa huko anayemwambia "njoo, huku kuna utafiti". Yupo anayetibiwa Dar es Salaam, pale Taasisi ya Saratani Ocean Road, siku moja ataitwa pembeni aulizwe kama yuko tayari kushiriki utafiti, wa chanjo au wa dawa. Hatua ni zile zile. Na yupo atakayepigiwa simu na tapeli. Huyu wa tatu ndiye anayenikosesha usingizi.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Jalada lako lote la matibabu, na nakala zake. Hasa majibu ya nyama, yaani kile kipande kilichokatwa kwenye uvimbe kikapelekwa maabara.
- Kitambulisho cha Mzanzibari. Kama utafiti uko nje ya nchi, pasi ambayo haijakaribia kwisha.
- Orodha ya kila unachomeza, kunywa na kujipaka. Habasoda imo, mwarobaini imo, dawa ya presha imo.
- Daftari dogo na kalamu.
- Namba mbili za simu za watu watakaojua uliko ukizimikiwa na simu yako.
- Mtu mmoja wa kufuatana naye, asiyeona haya kuuliza. Kila ukoo unaye mmoja. Wifi yangu akiingia chumba cha daktari, daktari mwenyewe hukaa vizuri kwenye kiti.

Hatua ya 1: Jua ni chanjo ipi

"Chanjo ya kansa ya maziwa" si kitu kimoja. Kubwa ya kutofautisha ni hii: kuna za kumkinga mtu ambaye hajaugua, na kuna za mtu aliyekwishaugua akatibiwa, zikitafutwa zimzuilie ugonjwa usirudi. Hizi za pili ndizo nyingi. Ukiambiwa kuna utafiti, swali lako la kwanza liwe hilo: wa mzima au wa aliyeugua?

Nitaje mbili ili ukizisikia uzijue. Ya kwanza ni ya Cleveland Clinic na kampuni ya Anixa Biosciences, Marekani, jaribio lake la kwanza kwa watu lilianza 2021. Hii inalenga protini iitwayo alfa-laktalbumini, ambayo ziwa huitengeneza wakati wa kunyonyesha. Mama akishaachisha, protini hiyo hutoweka, lakini huonekana tena kwenye uvimbe mwingi wa ile kansa ngumu iitwayo hasi tatu. Ndiyo sababu nacheka peke yangu nikiisikia "chanjo ya maziwa". Sie tunasema maziwa kwa maana ya matiti, kumbe na wao wanafukuzia maziwa ya kunywa. Walioshiriki walikuwa wanawake 35, na zaidi ya asilimia 70 kinga zao ziliamka. Kinga kuamka ni habari njema. Kansa kuzuilika ni habari nyengine, na hiyo haijathibitishwa.

Ya pili ni utafiti uitwao Flamingo-01, wa chanjo ya GP2, ulioanza 2022. Huo ni wa wanawake wenye aina ya kansa iitwayo HER2 chanya waliokwisha kutibiwa.

Kisha uliza awamu. Awamu ya 1 ina watu wachache, inatazama kama chanjo haidhuru na kipimo chake kiwe kipi. Awamu ya 2 inaongeza watu na kuangalia dalili za kazi. Awamu ya 3 ina mamia au maelfu, na hapo ndipo inapopimwa kweli, kundi moja kwa jengine. Ukiingia awamu ya 1 ukitafuta kupona, umeingia mlango usio wako. Na awamu ya 3 nayo si dhamana: chanjo iliyoitwa NeuVax ilifika huko, wanawake 758 wakashiriki, na 2016 utafiti ukasimamishwa kwa kuwa wasimamizi waliona hautafikia lengo. Hao wanawake hawakufanya kosa lolote. Ndivyo utafiti ulivyo.

Hatua ya 2: Soma majibu ya nyama

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kuna mama mmoja alinitandikia karatasi zake zote kwenye mkeka, zimekunjwa mara nne, zinanukia karafuu kwa kuwa zilikuwa sandukuni. Risiti zilikuwepo. Picha za mionzi zilikuwepo. Barua za rufaa tatu. Karatasi moja tu haikuwepo, nayo ndiyo iliyotakiwa: ile yenye mistari mitatu midogo ya ER, PR na HER2. Hospitali moja ilipima, nyengine ikasomewa majibu kwa mdomo, karatasi ikabaki kwenye droo ya mtu. Ilituchukua wiki tano kuipata.

Mistari hiyo mitatu ndiyo kabila la kansa yako. ER na PR zinaonyesha kama uvimbe unakula homoni. HER2 ni protini iliyo juu ya seli za kansa. Kila mmoja umeandikwa chanya au hasi. Zote tatu zikiwa hasi, ndiyo hasi tatu. Karibu kila utafiti wa chanjo unachagua watu kwa mistari hii, kwa hiyo bila yake hata mazungumzo hayaanzi.

Fanya hivi:

1. Tafuta ER, PR na HER2 kwenye karatasi. Zinakili kwenye daftari pamoja na tarehe na jina la maabara.
2. Kama HER2 imeandikwa "2+", huo ni utata, haujakuwa chanya wala hasi. Muulize daktari kama kuna kipimo cha pili cha kuukata utata huo.
3. Kama karatasi haina mistari hiyo, uliza kama kipimo kilifanywa. Kama hakikufanywa, uliza kama kitalu cha nta chenye nyama yako bado kipo maabara. Nyama huhifadhiwa ndani ya nta, na inaweza kupimwa tena baadaye bila kukukata upya.
4. Piga picha kila karatasi, mchana, juu ya kitambaa cheupe, na jitumie mwenyewe kwenye barua pepe. Simu huanguka baharini. Yangu ilianguka Mkoani, kati ya ngazi na boti.

Angalizo: usikabidhi karatasi asili kwa mtu yeyote, hata awe na koti jeupe. Nakala ndiyo inayotolewa.

Hatua ya 3: Hakiki kama utafiti ni wa kweli

Utafiti wowote wa afya unaofanywa Unguja au Pemba lazima uwe na kibali cha Kamati ya Maadili ya Utafiti wa Afya Zanzibar, ambayo wengi tunaiita ZAHREC. Ukiwa unajaribu dawa au chanjo, Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ZFDA, naye lazima ajue. Ukifanyika Tanzania Bara, majina yanabadilika: NIMR upande wa maadili na TMDA upande wa dawa.

Omba namba ya kibali na tarehe yake ya kwisha, iandike. Omba pia namba ya usajili wa kimataifa. Majaribio husajiliwa hadharani kabla ya kuanza. Namba huanza na NCT ikifuatiwa na tarakimu 8, au huanza na PACTR kama imesajiliwa kwenye rejista ya Afrika. Mpe kijana wa nyumbani aiandike kwenye simu. Inatakiwa itoke kurasa yenye jina la utafiti, mdhamini, vituo vinavyofanyia, na kama bado wanapokea watu. Ukikuta kituo cha Zanzibar hakimo kwenye orodha na mtu anakwambia kimo, mwambie akuonyeshe.

Angalizo kubwa: hakuna utafiti wa halali unaokutoza ada ya kujiandikisha, ya fomu, ya kipimo cha kuingia wala ya "kushika nafasi". Pesa zikitembea, zinatembea kuja kwako: nauli, chakula, fidia ya siku uliyopoteza. Yeyote anayetaka umtumie kwa simu laki moja ili jina lako liingie, mwache. Hata kama ni jamaa. Hata kama kakutumia picha yake amesimama mbele ya jengo refu.

Hatua ya 4: Zungumza na anayekutibu

Hii fupi. Usiwafiche wanaokutibu kwamba unataka utafiti, na usiwafiche watafiti kwamba unatibiwa. Na matibabu usiyaache kusubiri chanjo. Mwenye vidonge vya tamoksifeni vya kila siku aendelee navyo, mwenye dripu amalize dripu, aliyepangiwa mionzi aende. Nimemjua mtu aliyeacha vidonge miezi saba kwa kuwa "chanjo inakuja". Chanjo haikuja.

Hatua ya 5: Ikalie fomu ya ridhaa

Sasa nifike kwenye kazi yangu.

Zamani nilisomea mzee mmoja fomu, kurasa sita, akaitikia kila mstari, akatia saini. Tulipokuwa tunakunywa kahawa nikamuuliza, mzee wangu, tumekubaliana nini? Akasema: "Sijui, mwanangu. Lakini mmekuja na sheha, na mvua imewanyeshea. Ningesemaje sitaki?"

Hiyo ndiyo hatari ya kwetu. Hatusainishwi kwa nguvu. Tunasaini kwa haya. Mgeni kaja, kavua viatu, kaulizia hali ya watoto, na daktari ni mtoto wa fulani, basi kumkatalia inakuwa kama kumfukuza mlangoni. Sasa lishike hili: sheha akija nao, kazi yake ni kuwatambulisha tu. Hakukubalia kwa niaba yako, wala hawezi. Na kusema "niachieni karatasi, nitawajibu baada ya siku tatu" si utovu wa adabu. Mtafiti mzuri hufurahi kuisikia sentensi hiyo, na akinuna umeshajua.

Fomu iwe kwa Kiswahili unachokielewa. Ikiwa ni cha vitabuni mno, mwambie akueleze kwa maneno ya nyumbani. Soma kwa siku mbili, si kwa dakika kumi. Kisha uliza haya, na majibu yaandike mbele yake:

1. Kuna kura? Tafiti nyingi kubwa hugawa watu kwa bahati nasibu: wengine wanapata chanjo, wengine plasebo, yaani sindano isiyo na dawa ndani. Mara nyingi wewe hujui umepata ipi na muuguzi naye hajui. Uliza nafasi yako ni moja kwa mbili au vipi, na kama wa plasebo watapewa chanjo mwishoni ikionekana inafaa.
2. Ndani ya sindano mna nini? Hili swali la halali na haramu watu hulinong'ona, ulize kwa sauti. Taka orodha ya viambato kwa maandishi, nenda nayo kwa sheikh unayemwamini. Kwa mfano, ile ya Cleveland huchanganywa na zimosani, kitu kinachotokana na ganda la hamira.
3. Damu kiasi gani, mara ngapi, inakwenda wapi? Hadithi za mumiani tumelelewa nazo, na mtafiti anayeyacheka maswali ya damu hajui kazi yake. Mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai. Mwambie akuhesabie vijiko kwa utafiti mzima. Uliza kama damu au nyama itasafirishwa nje, itawekwa miaka mingapi, na kama itatumika kwa utafiti mwengine bila kukuuliza. Hapo mara nyingi pana kisanduku chake cha kukubali au kukataa. Unaweza kukataa hicho na bado ukashiriki.
4. Nikidhurika nani anagharamia? Lazima fomu iseme. Jibu la "hakuna kitakachotokea" si jibu. Kama una bima ya Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, uliza pia kama madhara ya utafiti yatakwenda huko au kwa mdhamini. Inatakiwa yaende kwa mdhamini.
5. Mimba na kunyonyesha. Tafiti hizi kwa kawaida hazipokei mjamzito wala anayenyonyesha, na hutaka usishike mimba kwa muda. Hapa pana mtego: njia za uzazi wa mpango zenye homoni kwa kawaida hazipewi mwenye saratani ya matiti. Uliza kuhusu kitanzi cha shaba au kondomu, na usianze njia yoyote kwa ushauri wa jirani.
6. Nani atajua? Kisiwa chetu kidogo. Fomu itakwambia jina lako litafichwa kwa namba, na ni kweli, lakini gari yenye nembo ya mradi ikisimama mlangoni pako mara tatu, mtaa mzima umeshajua. Waambie mkutane hospitali, au waje kwa gari isiyoandikwa kitu. Hili hawalifikirii mpaka waambiwe.

Na mume? Ukiwa mtu mzima mwenye akili zako, ridhaa ni yako, saini ya mume haitoshi na ya kaka haitoshi. Lakini ukiniuliza mie, mwambie mapema. Si kwa kuomba ruhusa, bali kwa kuwa atakayekupeleka hospitali usiku ukipata homa ni yeye.

Ukimaliza, fanya mtihani mmoja: mweleze yule mwenzako utafiti wote bila kutazama karatasi. Ukishindwa kusema unapimwa nini na unaweza kudhurika vipi, bado hujawa tayari.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya safari

Chanjo hizi si sindano moja. Ile ya Cleveland ilikuwa sindano tatu, kila moja wiki mbili baada ya mwenzake. Ongeza siku ya uchunguzi wa kwanza, ongeza siku za kutolewa damu baada ya kila sindano, ongeza ufuatiliaji wa miaka. Sasa mtu wa Konde achukue kalamu: gari mpaka bandarini, boti mpaka Unguja, boti mpaka Dar, pa kulala, na kurudi.

Weka kwenye daftari safu tatu: tarehe, nauli, nani anabaki na watoto. Kumbuka kusi likivuma bahari inachafuka na boti huweza kuahirishwa, kwa hiyo uliza miadi ina nafasi ya siku ngapi mbele na nyuma. Kumbuka msimu wa karafuu, ambapo hutapata wa kukuachia nyumba kwa bei yoyote. Na Ramadhani: mpangane mapema, maana kutolewa damu chupa kadhaa saa tisa mchana na swaumu si jambo la kujaribu.

Nauli inarudishwa kwa risiti au inatolewa kabla? Kwa mtu asiye na akiba, tofauti hiyo ndiyo kwenda au kutokwenda. Waambie bila haya.

Hatua ya 7: Uchunguzi wa kukubaliwa

Hutiwi sindano siku hiyo. Unapimwa damu, ini, figo, mimba, pengine moyo. Tafiti nyengine zinaangalia pia aina ya tishu yako, kwa kuwa chanjo nyengine hufanya kazi kwa watu wa aina fulani tu. Sema kweli kuhusu kila dawa. Pridnisoloni na dawa nyengine zinazopooza kinga ni sababu ya kawaida ya kukataliwa, na zile chupa za mitishamba zisizoandikwa kitu nazo zitaje, hata kama hujui zina nini. Kuficha hakumdhuru mtafiti. Kunakudhuru wewe, ini likija kuvimba na hakuna anayejua sababu.

Hatua ya 8: Saini

Andika jina, tarehe na saa kwa mkono wako. Asiyejua kuandika anaweka dole gumba, na hapo lazima awepo shahidi anayejua kusoma ambaye si mtu wa mradi. Mlete yule mwenzako. Ondoka na nakala iliyosainiwa pande zote mbili, pamoja na kadi ya mshiriki yenye namba za dharura. Bila nakala, usinyanyuke kitini.

Hatua ya 9: Siku ya sindano na baada yake

Kama ulitolewa tezi za kwapa, wakumbushe upande gani kabla hawajakushika mkono, na uliza sindano itaingia wapi. Ukishadungwa usikimbilie boti. Kaa pale muda wote watakaokwambia, maana mzio mkali hutokea mapema: midomo kuvimba, pumzi kubana, kizunguzungu, vipele mwili mzima.

Nyumbani tazamia pale palipodungwa kuuma, kuwa pekundu na hata kuwa pagumu kama kokwa. Andika siku, saa, na ukubwa (kokwa la zambarau au la embe, watakuelewa). Usichue kwa mafuta ya nazi, usibandike jani, usikande kwa maji moto mpaka uwaulize. Homa ipime kwanza na uiandike, ndipo umeze panadoli kama walikuruhusu.

Na endelea kujipapasa ziwa lako na kwenda kliniki yako kama kawaida. Aliyechanjwa kwenye utafiti si aliyekingwa.

Hatua ya 10: Kutoka

Unaweza kutoka siku yoyote, bila kutoa sababu, na matibabu yako ya kawaida hayaguswi. Waambie kwa mdomo na kwa ujumbe wa maandishi ili ubaki na ushahidi. Ila ukishachanjwa, hata ukitoka, kubali ile miadi ya mwisho ya usalama. Hiyo ni kwa faida yako.

Mambo yakikwama

*Nimekataliwa.* Uliza kwa sababu gani, iandike. Nyengine ni za muda, kama damu kupungua au dripu kuwa ya karibuni. Kukataliwa hakumaanishi ugonjwa umezidi.

*Maabara wanasema nyama yangu haipo.* Omba jibu hilo kwa maandishi, pamoja na namba ya sampuli. Ajabu ni kwamba ukiomba maandishi, mara nyingi inapatikana.

*Homa imenipanda usiku na utafiti uko Dar.* Nenda hospitali iliyo karibu, Chake, Wete, Abdulla Mzee, popote, na toa kadi ya mshiriki kabla ya maelezo mengine. Daktari wa zamu apige namba ya dharura. Usisubiri boti ya asubuhi.

*Namba ya mtafiti haipokelewi.* Kwenye fomu kuna namba ya pili, ya kamati ya maadili. Ile haikuwekwa kwa mapambo. Piga, sema jina la utafiti na namba ya kibali.

*Nimeshika mimba.* Waambie siku hiyo hiyo. Sindano zitasimamishwa, na watatakiwa wakufuatilie wewe na mtoto.

*Utafiti umesimamishwa katikati.* Hutokea. Una haki ya kuambiwa kwa nini, na ya kuendelea kuangaliwa kama umeshachanjwa. Uliza kama ulikuwa kundi la chanjo au la plasebo; wengine hukwambia hesabu zikifungwa.

*Nimeshatuma pesa kwa mtu.* Usione haya ukanyamaza, hata kama ulimwamini kwa kuwa ni wa ukoo. Hifadhi ujumbe wa muamala, nenda kituo cha polisi na kampuni ya simu siku hiyo hiyo, kisha wajulishe ZAHREC jina la utafiti alioutaja. Kisha nitumie mie namba yake, maana nina orodha, na huwa zinajirudia.